Nesi wa Burumba Aliyetafuta Kazi Uingereza

Wanawake wa Burumba, mtaa wetu wa Busia mpakani, walikuwa wakisema afadhali uchungu wenyewe kuliko Nesi. Ukifika kituo cha afya ukilia, alikuja na beseni lake, akakutazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Kelele haisukumi mtoto. Hiyo nguvu peleka chini." Ukinyamaza, alikuuliza unaficha nini. Mama wakwe waliokuja na dawa za mizizi wamezifunga kwenye pindo la leso aliwashika kiwiko akawatoa nje, wa Kikatoliki na wa Kiislamu sawasawa, na sikusikia hata mmoja aliyerudi kumgombeza.

Mimi alinizalisha binti yangu wa kwanza, Nekesa, mchana wa mvua kubwa. Mvua ilipiga mabati hata sikuweza kusikia anachoniambia, nikawa nafuata mdomo wake tu. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, kimya, rangi yake mbaya. Uso wa Nesi haukubadilika hata kidogo. Alifanya alichofanya, polepole, kama mtu anayemenya ndizi, na Nekesa akalia. Kesho yake nilipomshukuru aliniambia, "Kama ungeona uso wangu umeshtuka, wewe ungekufa kabla ya mtoto. Ndiyo maana nikiwa kazini sina uso."

Nilimwamini. Ilinichukua muda kujua kwamba mwanamke huyohuyo, akishavua aproni na kutoka getini, alikuwa mwoga kuliko sisi sote.

Tulikuwa majirani. Hajji, mwenye duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa, alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya duka, na mimi na Nesi tuligawana ukuta. Mume wangu alikuwa na kazi ya reli kule Malaba, akija nyumbani mwisho wa wiki. Siku zingine nilikaa na cherehani yangu barazani mwa Hajji, nikishona sare za shule na gomesi, magauni yale marefu ya mshipi ya akina mama kutoka upande wa Uganda. Pale unaona barabara yote, na mtu akipita unamjua kwa mwendo wake.

Nesi hakupita barabarani. Alipita nyuma ya maduka, kwenye tope na maganda ya mihogo, yeye aliyekuwa akimfokea mgonjwa kwa sababu ya kucha chafu. Sare yake nyeupe hakuianika nje kama sisi wengine. Aliikausha chumbani juu ya jiko la makaa, ndiyo maana daima alinukia moshi kidogo na dawa ya hospitali sana. Ukimsalimia ukiwa kushoto kwake hakuitika. Watu walisema ana maringo. "Huyo anaringa kwa sababu ya kile kikofia," mke wa Hajji aliniambia mara nyingi. Hakuna aliyejua kwamba sikio lile lilikuwa limekufa.

Kitu kingine. Kwa mgonjwa hakusema uongo kamwe. Kama mguu utakatwa, alikwambia utakatwa, akakushika mkono huku akikwambia. Lakini juu ya mambo yake mwenyewe alidanganya kila mtu, na hata hakujali uongo wake upatane. Mimi aliniambia ni mjane. Hajji alimwambia mumewe yuko Mombasa bandarini. Mke wa Hajji alimwambia hajaolewa na hataki kuolewa. Sisi watatu tukikaa kunywa chai yeye akiwa kazini, tulikuwa tunabishana nani kaambiwa ukweli.

Ukweli uliletwa na simenti.

Busia ilikuwa imefanywa makao ya wilaya, na miaka ile michache baada ya uhuru zilianza kujengwa ofisi na nyumba za wafanyakazi. Malori ya simenti yakaanza kuja kutoka upande wa Tororo, yakivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni yakiwa matupu. Sisi tulifurahi. Madereva walikula mandazi, walinunua vitambaa, walileta habari. Siku moja Nesi alikuwa amesimama mbele yangu nikimpima gauni la Krismasi, futi ya kupimia iko shingoni mwake. Lori likateremka kutoka upande wa forodha, likabadilisha gia. Sikumwona akiondoka. Niliona tu futi yangu imekwenda naye.

Nilimkuta stoo ya Hajji, amechuchumaa katikati ya magunia ya chumvi, kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe kama vile anamziba mtu mwingine.

"Nesi, ni nini? Umeona nyoka?"

"Angalia dereva," akasema. "Mfupi? Anavaa kofia ya sufu?"

Nikaenda nikaangalia. Alikuwa mtu mrefu, kichwa wazi. Niliporudi kumwambia, alinivuta mkono, tukakaa pale chini wote wawili, na ndipo aliponieleza. Mume alikuwa naye, hai, upande wa pili, dereva wa simenti. Sikio la kushoto aliliua mume huyo, kwa kofi moja, kwa sababu ya wali uliokuwa baridi. Baada ya sikio yalikuwa yamefuata mambo mengine ambayo sitayaandika. Alivuka mpaka na nguo alizovaa. Daktari wa kituo chetu aliwahi kufanya kazi naye zamani katika hospitali ya misheni kule, akamchukua kwa kumjua tu, bila karatasi.

"Halewi," Nesi aliniambia. "Hapigi kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Anaongea polepole hivi, kama padri."

Nikamwambia ahamie Kisumu basi. Akatikisa kichwa. "Simenti inafika Kisumu. Inafika mpaka Nairobi. Mama Nekesa, mimi nataka mahali lori haliwezi kufika."

Hivyo ndivyo alivyoanza kutafuta kazi Uingereza. Watu wengine waliotaka kwenda huko walitaka suti na masomo. Yeye alitaka bahari iwe katikati.

Sista mmoja Mzungu, aliporudi kwao, alikuwa amemwachia rundo la magazeti ya manesi. Kurasa za nyuma zilijaa matangazo ya hospitali zilizokosa watu. Nesi aliyasoma kama vile wengine wanavyosoma Zaburi, kidole chini ya kila mstari. Aliandika barua akiwa amekaa kitandani kwake, mlango umefungwa kwa komeo na kiti kimeegemezwa, na majibu yalikuja kwa sanduku la posta la Hajji. Hajji hakuuliza kitu. Bahasha ikija na stempu yenye kichwa cha malkia, alitoka nayo mwenyewe, akaiweka juu ya cherehani yangu, akasema, "Ya jirani," akarudi ndani.

Nyingi zilikuwa za kukataa. Nyingine zilimtaka aende, lakini aanze masomo upya kama msichana aliyetoka shule. Nesi alicheka kwa hilo, kicheko chake kile cha mabega bila sauti. "Watoto wa Busia nimewavuta nje mpaka mkono umechoka, wao wananipa beseni la mkojo nijifunze kubeba." Lakini usiku ule nilimsikia kupitia ukuta wetu akitembea chumbani.

Kwenda si kwenda tu. Serikali yao ilikuwa imeweka utaratibu: mtu mwenye ufundi lazima kwanza apate mwajiri kule, halafu mwajiri huyo amwombee kibali cha kuingia. Watu waliita vocha. Bila mwajiri hakuna vocha, na bila vocha unarudishwa kutoka bandarini. "Kwa hiyo mtu nisiyemjua ndiye lazima aseme ananitaka," Nesi aliniambia. "Na aliyesema ananitaka mara ya kwanza unajua alinifanya nini."

Mwishowe hospitali moja ya mji wa kaskazini, mji wa baridi na viwanda, ilijibu kwamba kazi ipo na itamwombea vocha. Lakini kwanza wapelekewe cheti chake cha unesi, kile chenyewe.

Cheti kilikuwa kimebaki kwa mumewe. Aliomba nakala huko Kampala kilikotolewa. Miezi ikapita, hawakujibu. Hospitali ikaandika tena, kwa adabu, kwamba nafasi haiwezi kumngoja. Aliponisomea barua ile kwa Kiswahili sauti yake ilikuwa ileile ya wodini, lakini alipofika mwisho alirudi kuusoma mstari uleule tena.

"Nitakwenda kukichukua," akasema. "Siku za wiki asubuhi anakuwa safarini. Wewe unaijua Malaba. Utanifikisha darajani tu."

Sikumfikisha darajani tu. Nilimwacha Nekesa kwa mke wa Hajji, tukapanda basi la kwanza la Malaba, Nesi amevaa gomesi niliyomshonea, kichwa kimefungwa kitambaa kama mwanamke wa kwenda msibani. Mume wangu alituona tukipita karibu na reli, nikamwambia tunakwenda kuangalia vitambaa. Tulipofika darajani Nesi akasimama. Watu walipita na mikungu ya ndizi na baiskeli, hakuna aliyetuangalia. Alikuwa ameukamata mkono wangu kwa namna aliyokuwa akiwakataza wanawake kuushika wake wakati wa uchungu.

"Turudi?" nikamwuliza.

"Usiniulize hivyo. Nikiulizwa nitarudi."

Tukavuka. Tukabebwa na baiskeli mpaka karibu na nyumba za wafanyakazi wa simenti, ule mwamba wa Tororo mbele yetu umesimama peke yake. Nyumba ilikuwa ya bati, safi, uwanja umefagiliwa mistari mpaka mlangoni. Mwanamke kijana alikuwa anachambua maharage kizingitini, mjamzito, tumbo limeshuka. Alimtazama Nesi kwa muda, akasimama.

"Wewe ni yule wa ukutani," akasema.

Hatukuelewa mpaka tulipoingia. Cheti kilikuwa kimetundikwa sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, picha ndogo ya Nesi imebandikwa pembeni, na juu yake ua la karatasi. Mume yule alikuwa akiwaonyesha wageni: hii ni kazi ya mke wangu, amesoma, yuko safarini. Na hasira zake alimmalizia mke mpya chini ya karatasi ile kila siku.

Nesi hakukigusa kwanza. Alimtazama yule binti mkononi, kwenye alama za vidole. Akamlaza mkekani, akampapasa tumbo, akaweka sikio lake zima juu ya kitovu. "Amegeuka vizuri," akamwambia. "Ni siku chache tu." Kisha akasimama juu ya kiti akaishusha fremu, na ukutani pakabaki pembe nne nyeupe zilizo safi kuliko ukuta wote.

Hapo tukasikia lori.

Sijui mtu anatembeaje wakati kama ule. Najua tu kwamba yule binti alitusukuma kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye kibanda cha jikoni, tukawa nyuma ya kuni, fremu katikati ya matumbo yetu. Kupitia nyufa za fito niliona miguu ya mtu mfupi, viatu vina vumbi jeupe la simenti. Akaketi kwenye kibao kivulini, nje, akaomba chakula. Sauti ilikuwa ya upole. Ilinitisha kwa sababu ya upole wake.

Alikula. Binti alisimama kando, mikono nyuma.

"Hapa kuna harufu ya dawa," akasema.

Nesi alifumba macho. Nilinusa na mimi, na kweli ilikuwa yeye, gomesi mpya na kitambaa vilikuwa havijaificha.

"Mguu umevimba, ssebo, bwana wangu. Jirani amenipa dawa nikapaka."

"Jirani yupi?"

"Yule mama wa Mbale."

Akaendelea kutafuna. Kisha akasema, "Sweta yangu iko ndani," na vile viatu vikasimama.

"Kaa ule," binti akasema. Wala hakukimbia. Alitembea na tumbo lake lile, mkono mmoja kiunoni, akaingia, akatoka na sweta, akampa. Yule mtu akaipokea. Akamshika kidevu akamtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta doa kwenye kioo. Halafu akanawa mikono, akaenda, na lori likaguruma mpaka sauti ikaisha.

Hatukutoka mara moja. Tulipotoka, Nesi alikuwa na mchirizi wa damu shingoni ambapo ncha ya fremu ilimchoma, na hakuwa amesikia maumivu. Akamwambia yule binti, "Jioni ataingia ndani ataona ukuta. Atakuua."

"Najua."

"Mimi nikiacha hiki hapa sitapata kazi. Nikikichukua, wewe..."

Hakumaliza. Nilimwona anakinyoosha kurudisha. Nasema nilichokiona: mikono yote miwili ilikuwa imenyooka kumpa yule mwanamke fremu. Binti hakuipokea. Aliingia ndani, akavuta kitita kutoka chini ya kitanda.

"Kwa baba yangu ni nyuma ya Mbale," akasema. "Nilikuwa nangoja kuzaa kwanza. Sasa sitangoja. Nyabo, mama, huko unakokwenda, wanataka mtu wa kufua?"

Nesi akafungua kitambaa chake cha kichwani. Akampa, pamoja na maneno ya mkunga, hili fanya, hili usifanye, ukisikia maji keti chini popote ulipo, yote kwa haraka na kwa ukali ule wa kituoni. Tulitoka watatu pamoja mpaka barabarani. Yeye akashika njia ya Mbale, sisi ya Malaba. Tuligeuka kumtazama mpaka mwili wote wa Nesi ukawa umegeukia nyuma na mimi namwongoza kama kipofu.

Nesi alikituma cheti, na vocha ilikuja. Nesi aliondoka Busia asubuhi kwa basi la Kisumu, sanduku moja, na sikumsindikiza hata stendi kwa sababu alinikataza. "Watu wakiona unalia watauliza ninakwenda wapi." Alimuaga Hajji kwa kusema amehamishwa. Hajji akasema amehamishwa vizuri, Mungu amfikishe.

Ilipita kama miezi miwili, yule mume wake akaja. Sikusikia lori, aliliacha mbali. Nilikuwa nashona, nikaona viatu vyeupe vimesimama mbele ya cherehani.

"Mulembe, mama," akanisalimu. Aliomba maji. Nikampa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri. "Namtafuta mke wangu. Ni nesi. Wake zangu wawili wameondoka mmoja baada ya mwingine, na sijui nimemkosea nani."

Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani, sindano inashona hewa. "Hapa alikuwako nesi," nikasema. "Alihamishwa."

"Wapi?"

"Serikali haituambii sisi washona nguo."

Akatabasamu. Hajji akatoka dukani na kiti chake, akakiweka katikati yetu, akaketi akaanza kuhesabu tasbihi. Mtoto wangu alikuwa anacheza na vipande vya vitambaa miguuni pa yule mtu. Yeye akainama, akamshika kichwa, akasema ni mtoto mzuri, kisha akaondoka akitembea. Kwa wiki nyingi baada ya hapo sikumruhusu Nekesa atoke uani, na mimi nikaanza kupita nyuma ya maduka. Ndipo nilipojua alivyoishi. Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja naye na sikuwa nimejua.

Mara ya mwisho nilipomwona Nesi ilikuwa Funyula, miaka ya sitini ikiwa inaelekea kwisha. Mama yake mzazi alifariki kule Samia, na yeye akaja. Nilisikia habari sokoni nikafunga safari. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye jiwe la kusagia, amevaa koti zito la huko kwenye jua lile, na alikuwa amenenepa usoni. Tulishikana tukalia kwa ajili ya mama kwanza, kama inavyotakiwa.

Kisha akanieleza ya kule. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Wagonjwa wengine walikataa kuguswa naye siku za kwanza; mzee mmoja alimtemea uji, na mzee huyohuyo akafa akiwa amemshika kidole. Kazi wamempa, ya kweli, wodi ya wazazi.

"Unalala?" nikamwuliza.

"Nalala. Si kila siku." Akavuta koti lake. "Yule binti. Umesikia lolote?"

"Hapana."

"Mimi kila mwanamke akija na tumbo limeshuka namwangalia mkono kwanza. Wenzangu wananicheka, wanasema kwetu mimba tunapimia mkononi."

Waombolezaji walikuwa wanaimba upande wa mbele. Alisema kesho yake anarudi, na hatakuja tena. Alikuja kwa ajili ya mama na mama amekwisha zikwa. Alikuwa anaongea bila kuniangalia.

"Jina langu kule hawaliwezi," akasema. "Walijaribu wakachoka, wakanipa la kwao. Pale Busia mlikuwa mnaniita Nesi tu, nami nilipenda hivyo, nilikuwa nimejificha. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ananiita kwa jina langu. Kwenye barua zake aliandikiwa na katekista, lakini jina langu aliliandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kubwa." Akafuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Mama Nekesa, wewe unalijua?"

Sikulijua. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Akanitajia, kwa sauti ya chini. Ni jina la nyumbani, la kawaida kule Samia, na sitaliandika hapa.

Nikasimama. Nilikwenda mpaka pembeni mwa mihogo, mbali naye kidogo, mahali mama mtu angesimama akimwita mwanawe aje jikoni. Nikamwita kwa sauti kubwa, waombolezaji wakasikia, wengine wakageuka.

Akaitika.